Majembe ya zamani ndani ya picha za vitabu

Mbele ya msimu A, tulipokutana kuchagua aina ya jembe la kugawia familia zilizorudi, mkutano uliishia mahali ambapo hatukutazamia. Tulikuwa tumeleta fotokopi za picha za zamani, kutoka vitabu vya wasafiri Wazungu wa karne ya 19. Tulitaka tu kupamba ukuta wa ofisi. Lakini wamama waliziangalia kwa macho ya watu wa kazi, na maswali yao yakapita majibu tuliyokuwa nayo siku ile. Andiko hili ni deni letu kwao.

Picha tatu zinatoka katika shajara za mwisho za David Livingstone, zilizochapwa London mwaka 1874 katika vitabu viwili. Mwenyewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Aliyepanga maandishi ni Horace Waller, naye alisaidiwa na Chuma na Susi, wale waliobeba maiti hadi pwani na baadaye wakapelekwa Uingereza. Tunataja majina haya kwa kusudi. Wengi hufikiri kitabu ni cha Mzungu mmoja, kumbe bila Waafrika hao kueleza mambo waliyoyaona, sehemu nyingi zingebaki giza.

Wakati ule hakukuwa bado njia ya kuchapa foto pamoja na maandishi kwa bei ndogo. Mchoraji wa mjini alichukua mchoro mdogo wa msafiri, au maneno tu, akachora upya juu ya kipande cha mti mgumu. Kisha mchongaji akakwangua kwa kisu kila sehemu iliyopaswa kubaki nyeupe. Picha ikiwa kubwa, vipande kadhaa vya mti viliunganishwa, na kila fundi akachonga chake. Mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga Afrika. Kwa hiyo ukiona mtu ana mwili wa sanamu ya Kigiriki na nyuma yake miti isiyojulikana, usishangae, hiyo ni London inaota.

Vyombo vya kazi, lakini, vilichorwa kwa uangalifu zaidi. Picha moja inaonyesha vijiti vya kuchimbia udongo, vilivyoongezewa uzito kwa jiwe la duara lenye tundu katikati. Nyingine inaonyesha wahunzi wakifua jembe, jambo ambalo Livingstone aliliona mwaka 1866 katika nchi ambayo leo ni Malawi. Nyundo ni jiwe kubwa lililofungwa kwa ganda la mti, lenye vitanzi vya kushikia. Fuawe ni jiwe lililozikwa ardhini, mivuo ni ngozi mbili za mbuzi, na koleo ni vipande viwili vya ganda la mti.

Hapo mzee mmoja wetu, mhunzi wa zamani, alikataa kabisa. "Koleo ya ganda? Hiyo inaungua!" Tulirudi kwenye maandishi. Livingstone mwenyewe anaandika tu kwamba koleo ni vipande viwili vya ganda. Mzee alibaki na neno lake, na tangu siku ile anaitwa Profesa.

Tukumbuke pia kwamba picha hiyo ni ya dakika za mwisho za historia ndefu. Katika eneo la Maziwa Makuu watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Vyungu vya wakulima wale wa kwanza, ambavyo wachimbuzi wanaviita vya Urewe, vilipatikana Rwanda, Burundi na hapa Kivu. Jembe la chuma halikuletwa na mtu kwa meli. Lilikuwa pia mali: Wanyamwezi walisafirisha majembe kama bidhaa ya thamani, na Rwanda jembe liliingia katika mahari, mpaka leo linatajwa kwenye sherehe za ndoa.

Picha ya tatu ndiyo iliyonyamazisha chumba. Ni Nyangwe, kwa jirani zetu wa Maniema, tarehe 15 Julai 1871. Livingstone alipenda kwenda sokoni pale kuangalia wamama wakiuza samaki, kuku, chumvi, mawese, mihogo na vyungu. Siku ile alikadiria watu 1,500. Watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakafyatua bunduki katikati ya soko, na wamama wakajitupa mtoni Lualaba. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo habari hiyo aliiandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa mimea. Maandishi yale yalififia, yakasomeka tena mwaka 2011 kwa msaada wa kamera za pekee, na ikaonekana kwamba hayalingani kila mahali na kitabu.

Mama moja aliyerudi kwa mashua kutoka Kigoma hadi Baraka aliuliza: "Na siku walipouza vizuri, picha yake iko wapi?" Katika fotokopi zetu haiko. Soko lenyewe, bei, mabishano, mzigo kichwani kama wamama wanaopanda leo kuelekea Kadutu, vilibaki maneno. Kilichochongwa ni kifo.

Kwetu Bushi, wakati wa picha za kuchongwa ulipita bila kutugusa sana. Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894 tu, tena upande wa kaskazini, na muda mfupi baadaye foto ilichukua nafasi ya kisu cha mchongaji. Foto za kikoloni zilionyesha mistari safi ya chai na kahawa. Hazikuonyesha kwa urahisi sheria ya 1917 ya kilimo cha lazima, iliyomfanya mkulima alime kwa amri siku hadi 60 kwa mwaka, na asipofanya apate faini ao gereza. Wala ardhi iliyogawiwa masetla kupitia Comité National du Kivu, iliyoundwa 1928. Kesi za mipaka ya mashamba tunazosikiliza leo, nyingine mzizi wake ni huko.

Wafadhili wetu watusamehe tukisema wazi: na sisi tunachonga. Kila ripoti tunayowatumia iko na foto ya mama ameinama na jembe jipya, nembo inaonekana. Mwaka uliopita mamajembe mawili kati ya matatu katika kijiji kimoja yalipinda mbele ya palizi ya kwanza, lakini foto ilikuwa imekwisha kupigwa. Yalikuwa bati tu, yalinunuliwa mbali, na hakuna aliyewauliza wenye kuyatumia.

Basi mkutano uliamua hivi: majembe ya safari hii yatafuliwa na wahunzi wa hapa, kwa vyuma vya resori za magari, na Profesa pamoja na wamama watatu watajaribu kila kundi kwenye udongo wa mawe kabla hatujalipa. Foto mtazipata baada ya mavuno.