Groggy: Neno Lililotoka kwenye Koti la Amirali

Jumatatu asubuhi mtu akikuuliza mbona umenyamaza hivyo, unamjibu tu, "Niko groggy." Umelala vibaya, kichwa kizito, miguu bado haijakubali kwamba wikendi imeisha. Pombe hujaonja hata tone. Lakini neno lenyewe lilizaliwa ndani ya pipa la ramu.

Karne ya 18, jeshi la majini la Uingereza liliwagawia mabaharia pombe kama sehemu ya chakula chao. Kule Karibi walipewa ramu, nusu painti kwa siku, bila kuchanganywa na chochote. Sasa fikiria mtu ameibugia yote kwa mkupuo mmoja, halafu anaambiwa apande mlingoti.

Agosti 1740, Amirali Edward Vernon, akiwa Jamaica, alitoa amri: ramu ichanganywe na maji, sehemu moja kwa nne, na igawanywe mara mbili kwa siku. Mabaharia walikuwa wakimwita "Old Grog", yaani Mzee Grog, kwa sababu ya koti lake la kitambaa kigumu kilichoitwa grogram. Basi kinywaji hicho kilichotiwa maji wakakibandika jina lake. Aliyelewa grog akawa groggy. Ugawaji huo wa ramu uliendelea hadi tarehe 31 Julai 1970.

Sawa, lakini ramu yenyewe ilitoka wapi? Ramu hutengenezwa kwa molasi, masalio ya sukari, na miwa ya Jamaica ilikatwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Msimu wa mavuno vinu vilisaga usiku na mchana. Watu walisukuma miwa kwa mikono kati ya magogo yanayozunguka, na aliyesinzia angeweza kunyakuliwa mkono. Hao ndio waliokuwa groggy kwelikweli, na usingizi wao ulikuwa hatari kuliko ulevi wa baharia. Hata hivyo, kamusi inakumbuka koti la amirali tu.

Karne ya 19 neno likahamia kwenye ndondi, likimwelezea bondia anayepepesuka baada ya kupigwa. Hapo nako si mchezo. Mkenya Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa jeraha la kichwa alilopata ulingoni. Alikuwa na miaka 26. Ni baadaye ndipo neno lilipopoa, likaingia kitandani pamoja nasi.

Kiswahili nacho hakijaliachia pombe peke yake jambo hili. Mtu hulewa usingizi, hulewa madaraka, na jahazi lililopigwa na mawimbi hulewalewa. Lugha zote mbili zinajua kwamba kuyumba kuna sababu nyingi. Kinachotofautiana ni nani anayeonewa huruma anapoyumba. Baharia alitiliwa maji kwenye ramu yake ili asianguke. Bondia ana refa wa kusimamisha pambano, hata kama wakati mwingine huchelewa. Aliyelisha kinu miwa hakuwa na amirali wala refa. Alisinzia, na magogo yakaendelea kuzunguka.