Fleti ya Miaka 99

Ukimwuliza kijana wa Malindi Waitaliano walikuja lini, atakwambia walikuja na pizza. Si kweli. Walikuja na roketi.

Katika miaka ya sitini, profesa mmoja wa Roma, Luigi Broglio, alitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia setilaiti. Akapapata Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Majukwaa yakasimamishwa baharini, na mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya sikukuu, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani, nayo ikapewa jina Uhuru. Wahandisi wale walikula samaki wetu, wakaota jua letu, na nadhani walirudi kwao wakasimulia. Miaka ya sabini na themanini zikaja hoteli, kisha majumba, kisha fleti: ghorofa mbili, paa la makuti, bwawa moja la kuogelea kwa wote, na mlinzi getini. Mwenyewe huja Desemba, huondoka kabla ya masika. Miezi iliyobaki nyumba inalala tu.

Shangazi yangu amefagia fleti moja ya namna hiyo kwa miaka kumi na minne. Funguo anazo yeye. Yeye ndiye hufungua madirisha isiingie kuvu. Jioni anarudi kwake nyuma ya barabara, kwenye nyumba ya udongo aliyozaliwa, ambayo kisheria ni skwota ndani yake.

Sasa basi, ndugu msomaji, ilikuwaje mtu wa Milano akapata hati na shangazi akakosa? Wengi wetu mijini hukimbilia kusema "ufisadi" na kumaliza hadithi. Ufisadi upo, sikatai. Lakini jambo hili ni kongwe kuliko mafisadi tunaowajua. Malindi ilifufuliwa na Sultani Majid wa Zanzibar karibu na mwaka 1861, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1907. Mwaka mmoja tu baadaye, 1908, Waingereza wakatunga sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa maili kumi wa Sultani: kila mwenye dai ajitokeze aandikishe, na kisichodaiwa ni cha Serikali ya Mfalme. Wenye mashamba wakajitokeza na karatasi zao. Mtumwa aliyeachwa huru juzi angedai nini? Na Mgiriama, ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo mzima, angeandikisha jina la nani? Wakabaki palepale walipolima, ila sasa wakaitwa wageni wa mwenye hati.

Oktoba 1963, ukanda ulipokabidhiwa Kenya, Kenyatta aliahidi kwamba hati zilizokwisha kuandikishwa zitatambuliwa. Zikatambuliwa. Hati hizo za umilikaji wa milele, zilizogawanywa vipande na kupita mikononi mwa madalali na mawakili, ndizo nyingi mgeni alizokuja kununua. Hakuiba kitu. Alilipa wakili, akafanyiwa upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, akalipa ushuru wa stempu, akatia sahihi. Kwa fleti, mara nyingi alipewa mkataba wa muda mrefu pamoja na hisa moja katika kampuni inayotunza jengo. Karatasi safi kabisa, iliyosimama juu ya karatasi ya 1908.

Halafu likaja la Agosti 2010. Katiba mpya, kifungu cha 65: asiye raia hamiliki ardhi ya Kenya milele, anakodi tu, tena isizidi miaka 99. Aliyekuwa na zaidi ya hiyo ikakatwa hapohapo. Hata kujificha nyuma ya kampuni hakufai, kwani kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu wenye hisa wote ni raia. Yule mwenye fleti alipiga simu kutoka kwao, sauti ikimtetemeka, akimwuliza shangazi kama serikali inamfukuza. Shangazi akamtuliza kwa Kitaliano chake cha jikoni. Alipokata simu akaniangalia, akasema:

"Analia kwa tisini na tisa! Mimi nipewe hata tisa tu, nichimbe choo cha mawe."

Maana hajengi cha kudumu. Mwenye hati akija na askari, choo cha mawe hakibebeki.

Mwaka 2020 ikaja sheria nyingine, ikafuta ile ya 1987 ya umilikaji wa sehemu za majengo. Sasa kila fleti inatakiwa iwe na hati yake yenyewe, na ramani inayoonyesha vipimo vya vyumba. Mpima alifika mwezi wa Juni, mwenyewe akiwa ng'ambo. Akaanza barazani, akaenda sebuleni, akaingia jikoni. Alikuwa peke yake, hana msaidizi. Aliyemshikia ncha ya pili ya utepe ni shangazi.