Ukoo wa Maneno katika Kiingereza

Ukoo wa maneno ni kundi la maneno yaliyochipuka kutoka mzizi mmoja. Dhana hii si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili: *linda* huzaa *mlinzi*, *ulinzi*, *lindo* na *lindwa*.

Mwanafunzi wa shule ya serikali wilayani Ikungi, ambako wengi huzungumza Kinyaturu nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza, biolojia humjia kwa Kiingereza. Katika daftari ameandika *digest*, yaani kumeng’enya chakula. Swali la mtihani linataja *digestion* au *indigestible*. Ajuaye neno moja tu hushindwa kulielewa swali, ilhali jibu analo.

Jambo la kwanza ni mahali pa kutazama. Nomino ya Kiswahili hujitambulisha zaidi mwanzoni, kwa *m-* au *u-*. Kiingereza hudokeza aina ya neno mwishoni: *-ion* huashiria nomino, *-ive* kwa kawaida kivumishi, *-ly* mara nyingi kielezi. Ndiyo maana *decide*, *decision* na *decisive* hukaribiana katika kamusi, ilhali katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu *linda* iko L, *mlinzi* M na *ulinzi* U. Linaloponyoka ni *indecisive*: kiambishi cha ukanushi hulihamishia I, mbali na jamaa zake.

Badiliko la sauti lisimtishe mwanafunzi. Katika *mlinzi*, d ya *linda* imekuwa z, kama ilivyo kwa *penda* na *mpenzi*. *Decide* na *decision*, *divide* na *division*, hufanana na hayo kwa sura, ingawa chanzo ni kingine: Kiingereza kiliyapokea maumbo hayo kutoka Kilatini. Kwa maoni yangu, mwalimu aanzie kwa *mlinzi*.

Mtego mkubwa ni kiambishi *-er*. *Teach* hutoa *teacher*, lakini mpishi ni *cook*. *Cooker* ni jiko. (Kiswahili nacho kina ukaidi wake: *pika* haitoi *mpiki*.)

Ziko pia jozi zenye uhusiano wa maana pasipo umbo la pamoja, kama *moon* na *lunar*, neno la kwanza likiwa la Kiingereza cha asili na la pili la Kilatini. Hapo hakuna kanuni, ni kukariri. Kwa mengine, neno jipya liandikwe daftarini pamoja na jamaa zake wawili au watatu, kila moja ndani ya sentensi yake.