Makutupora: Zabibu iliyo ndani ya mvinyo mwekundu wa Dodoma

MVINYO mwekundu wa Dodoma hutengenezwa zaidi kwa zabibu nyeusi aina ya Makutupora, iliyopewa jina la eneo lililo kaskazini mwa jiji hilo, kando ya barabara iendayo Haneti, Kondoa na Babati.

Kilimo hicho kililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia katikati ya karne ya 20, Bihawana ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo.

Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba. Ulaya huvunwa mara moja.

Mavuno ya masika huandamwa na ubwiri. Ya kiangazi huwa matamu zaidi, lakini huhitaji maji ya kumwagilia.

Rangi nyekundu hutoka kwenye maganda, yanayochachushwa pamoja na juisi.

Hata hivyo, zabibu iliyoiva haisubiri. Tangu kuanguka kwa kampuni ya umma ya DOWICO, ununuzi ulihamia zaidi kwa viwanda binafsi. Mkulima anayekosa mnunuzi huuza kwa bei ya kutupa, au hukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, kama anayo.

Ili kulinda soko hilo, mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko mvinyo mwingine.