Msitu wa Itombwe na Wageni Wake

Mtu asimamaye katika ufuko wa Uvira, akayapa kisogo maji ya Tanganyika na kuelekeza macho magharibi, haoni msitu. Aonacho ni milima ya Mitumba iliyosimama kama ukuta, imevaa nyasi, mashamba ya mihogo na mikalitusi ya hapa na pale, pamoja na makorongo yanayoteremsha mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira hadi mjini. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele vya juu kabisa vya safu hiyo vinapita mita 3,000. Msitu u nyuma ya ukuta huo. Huko ndiko kulikoenea Itombwe, mojawapo ya misitu mikubwa zaidi ya milimani iliyosalia barani Afrika, na ambamo mito ya Elila na Ulindi huanza safari yake ndefu ya kuelekea Lualaba. Hivyo mkazi wa Uvira huishi karibu na msitu mkongwe asiouona, na maji ya msitu huo kwa sehemu kubwa humkimbia yakaenda upande wa pili wa nchi.

Ukongwe wa Itombwe si sifa ya masimulizi tu. Wataalamu wengi wa mimea na wanyama wanaona kwamba katika vipindi vya baridi na ukame vya zama zilizopita, misitu ya Afrika ya Kati iliponyauka na kukatika vipande vipande, baadhi ya miteremko ya milima inayopakana na Bonde la Ufa iliendelea kupata unyevu, na humo viumbe vingi vikapata kimbilio. Ndiyo sababu inayotolewa kueleza kwa nini huko kuna ndege na vyura wasioonekana kwingineko duniani. Aina za ndege zilizoorodheshwa Itombwe na pembezoni mwake zimepita 560. Yafaa ikumbukwe pia kwamba neno “msitu” lenyewe halitoshi hapa. Itombwe ni miti mikubwa, ni mianzi, na juu kabisa ni mbuga za nyasi za milimani ambazo nazo ni za kale. Mmoja wa viumbe wake wa ajabu, chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye Raymond Laurent alimpa jina la kitaalamu mwaka 1951, huishi katika nyasi hizo, wala si chini ya miti.

Historia ya kuutembelea msitu huu, kama ilivyoandikwa, inaanza na watu ambao hawakuutembelea. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji tarehe 26 Aprili 1858. Hoja yao ilikuwa mto Rusizi: je, unatoka ziwani au unaingia? Jambo la kuwavutia wanafunzi wa lugha ni njia iliyopitiwa na swali hilo. Speke alizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, Bombay akazungumza na watu wa safari kwa Kiswahili, na mbele ya hapo zikaja lugha za ziwani. Wana wa Maruta, mtawala wa Uvira, walijibu kwamba Rusizi unaingia ziwani, na jibu hilo likavunja tumaini la wasafiri waliodhani wamekaribia chimbuko la Nili. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika mdomoni mwa Rusizi na kuona kwa macho yao kwamba wana wa Maruta walisema kweli. Wasafiri hao wote waliitazama milima ya magharibi wakiwa mitumbwini. Kwao milima ilikuwa mpaka wa ziwa, na Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha kaskazini cha wafanyabiashara wa pwani waliotafuta watumwa na pembe za ndovu.

Tabia hiyo ya kuupima msitu kutoka ziwani haikuisha mara moja. Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya wanyama na ndege katika milima hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, alipeleka Ulaya mizoga ya sokwe wakubwa, na mwaka 1914 Paul Matschie wa Berlin akawatambulisha kwa jina la Grauer. Mahali walipotoka paliandikwa kuwa yapata kilomita 80 kaskazini-magharibi ya Boko, katika ufuko wa magharibi wa Tanganyika. Kituo cha ziwani kilitajwa kwa jina; msitu ukatajwa kwa umbali. Ni kana kwamba katika kilomita zote 80 hapakuwa na kilima, kijito wala kijiji chenye jina.

Majina, hata hivyo, yalikuja kwa wingi, ila yalikuwa ya wageni. Ndege mmoja mdogo wa kijani, aliyeelezwa na Rothschild mwaka 1909, aliitwa kwa jina la huyo huyo Grauer. Mwaka 1929 J. Sterling Rockefeller na Charles Murphy walimpata tena ndege huyo, naye James Chapin akampa chozi mmoja wa milima hiyo jina la Rockefeller mwaka 1932. Kisha akaja Alexandre Prigogine, mkemia aliyefanya kazi katika migodi ya Kivu na ambaye alikuwa ndugu wa Ilya Prigogine, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1977. Hakuna mgeni aliyewajua ndege wa Itombwe kumpita yeye. Orodha zake zilitolewa kwa awamu kuanzia mwaka 1971. Bundi aliyepatikana Muusi mwaka 1951 ana jina lake, na kirukanjia aliyepatikana Malenge mwaka 1955 ana jina lake pia.

Haifai kuwadharau watu hawa. Bila subira yao mengi yasingejulikana, na Prigogine hasa alirudi mara kwa mara mahali ambapo wengine walipita mara moja. Lakini hakuna hata mmoja aliyepanda milima ile peke yake. Walikuwako wapagazi, walikuwako wawindaji waliojua kwamba ndege fulani hulia alfajiri kwenye mianzi na si kwenye miti, na Prigogine mwenyewe aliwategemea wakusanyaji wenyeji aliowafundisha kazi. Maarifa yao yaliingia katika makabati ya makumbusho ya Tervuren. Majina yao kwa kawaida hayakuingia. Atakayechunguza istilahi za wanyama katika lugha za Kivu ataikuta kazi hiyo ikimngoja, kwa kuwa Kiswahili sanifu kina “bundi” na “babewatoto” tu mahali ambapo mwindaji wa milimani hutofautisha zaidi ya hapo.

Hapa suala la msamiati linagusa suala la haki. Kiswahili kina neno “mwitu”, ambalo likiwekwa baada ya jina la mnyama humtoa katika umiliki wa binadamu: nguruwe mwitu, mbwa mwitu, paka mwitu. Cha mwitu ni kile kisicho na mwenyewe. Wageni waliouita msitu wa Itombwe kuwa haujaguswa walisema jambo hilo hilo kwa Kifaransa na Kiingereza. Kumbe Itombwe ina wenyewe, tena wengi: Watwa, Wabembe, Walega, Wanyindu, Wafuliiru, Wavira na wafugaji Wanyamulenge, kila jamii na namna yake ya kuutumia mlima, kwa uwindaji, asali, mianzi, dawa, kilimo au malisho, na wakati mwingine kwa kugombana vikali juu ya matumizi hayo. Utawala wa Wabelgiji, ambao ulivikusanya vijiji kando ya barabara, uliacha nyuma yake mahame ambayo miti iliyameza upesi. Mtaalamu wa mimea akipita baada ya miaka hamsini aweza kuona msitu tu. Mzee wa ukoo huona mahali pa babu yake.

Vita navyo viliwaleta watu msituni. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi Mei 1964, na majeshi ya serikali yaliporudi, wengi walikimbilia milimani. Kuanzia mwaka 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilijenga ngome yake katika milima ya Fizi, kusini mwa Itombwe, kikakaa huko miaka mingi. Mwaka 1996 kikosi cha watafiti kilizunguka Itombwe kuhesabu sokwe na ndege, na mwezi Mei kikamnasa katika wavu bundi wa Prigogine, ambaye hakuwa ameshikwa tangu mwaka 1951. Miezi mitano baadaye, Oktoba 1996, Uvira ilitekwa na AFDL, na milima ikafungwa kwa watafiti kwa miaka kadhaa. Yule chura wa dhahabu alisubiri hadi mwaka 2011, alipoonwa tena na Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro pamoja na Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Magazeti ya nje yalisema kiumbe huyo “amegunduliwa upya”. Kitenzi hicho kingepaswa kutumiwa kwa uangalifu, maana wachungaji wa mbuga zile hawakuwahi kuondoka wote.

Tarehe 11 Oktoba 2006 waziri wa mazingira mjini Kinshasa alitia saini agizo namba 038 lililoifanya Itombwe kuwa hifadhi. Wakazi hawakushauriwa. Wengi walipata habari baadaye, na hofu yao ilikuwa na sababu iliyo karibu: Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, ambako Watwa walifukuzwa katika ardhi ya mababu zao. Kwa hiyo katika Kivu neno “parki” halikumaanisha wanyama wala watalii. Lilimaanisha kuhamishwa. Vijiji vilipolikataa, vilikuwa vikikataa maana hiyo iliyokwisha kuingia ndani ya neno, na ofisa aliyedhani kwamba tatizo ni ujinga wa wanavijiji juu ya faida za uhifadhi hakuwa amesikiliza.

Kilichofuata kinastahili kuandikwa kwa kirefu siku moja na mtu aliyehudhuria mikutano yote. Kwa muda wa karibu miaka kumi, mashirika ya uhifadhi, mashirika ya kutetea jamii na wajumbe wa vijiji walizunguka kuchora ramani kijiji baada ya kijiji, wakiandika mito, makaburi, mashamba, mahame na sehemu za kuwindia. Eneo lililotangazwa kwa jumla jumla mwaka 2006 lilipunguzwa sana. Mipaka iliyoidhinishwa na mkoa wa Kivu ya Kusini mwaka 2016 ilibakiza kilomita za mraba zipatazo 5,700, zenye sehemu za ulinzi mkali na sehemu ambamo wakazi huendelea kutumia msitu. Lolote lisemwalo juu ya udhaifu wa utekelezaji wake, na usalama wa nyanda za juu ukiwa ule uliokuwa, tofauti ya hati hizo mbili ni kubwa. Ya kwanza ilichorwa na watu waliotazama kutoka mbali, kama Burton kutoka mtumbwini. Ya pili ilipita katika mdomo wa wakazi.

Na ilipita kwa Kiswahili. Mjumbe Mbembe, Mfuliiru na Mnyindu wakikutana mbele ya mgeni wa kutoka Bukavu, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili cha Kivu, ile lugha iliyofika ufukoni pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Maneno kama “mpaka”, “kimila”, “haki ya kutumia” na “kulinda” yalijadiliwa katika lugha hiyo kabla ya kurudishwa katika Kifaransa cha hati. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kuua makumi ya watu mjini Uvira, ukifagia maelfu ya nyumba, mjadala ulishuka hadi ufukoni. Miteremko iliyo juu ya mji ni ile iliyokwisha kuvuliwa miti. Hifadhi iliyopimwa mwaka 2016 iko ng’ambo ya kilele, na ramani zilizochorwa na vijiji hazikuifikia miteremko hiyo.