Herufi L nyuma ya rubi ya mjomba

Mwaka wangu wa kwanza wa agronomia minervali ilikosekana nyumbani. Mjomba akatoa pete kwenye kidole chake, akanipa. «Nenda uuze. Ni rubi ya nyota, babu yako alipewa na muzungu wa shamba la kinini.» Wote tuliijua pete ile: jiwe jekundu lenye mgongo wa mviringo, ukilipeleka kwenye jua, nyota ya miale sita inaamka ndani na inatembea ukigeuza mkono. Fundi wa dhahabu aliiangalia kwa lensi, akaigeuza chini juu, akanirudishia. «Nyuma kuna L. Hii haikutoka chini ya ardhi.» Sikuelewa kitu. Njo nilianza kusoma.

Sisi watu wa udongo tunaijua aliminiyumu, ile inayochoma mizizi ya maharagwe kwenye udongo wenye asidi. Rubi ni oksidi ya aliminiyumu hiyohiyo, lakini imekuwa kristali ngumu, na kromu kidogo tu ndiyo inaipa wekundu. Nyota nayo inatoka kwa titani: ndani ya jiwe kuna sindano ndogo sana za oksidi yake, zimelala katika njia tatu zinazokatana. Mwanga ukizipiga, kila kundi linatoa mstari mmoja. Mistari mitatu ikipita katikati, unahesabu miale sita. Lakini lazima jiwe lichongwe kama mgongo wa kobe, na taa iwe moja. Ndani ya nyumba yenye neoni nyingi, nyota inapotea.

Watu walitaka kutengeneza rubi tangu zamani. Aliyefaulu vizuri ni mkemia Mfaransa Auguste Verneuil, aliyetangaza kazi yake mwaka 1902. Unga laini wa oksidi ya aliminiyumu na kromu unadondoka ndani ya moto wa oksijeni na hidrojeni, joto kupita digrii 2.000. Unayeyuka, unaanguka tone juu ya tone, na jiwe linaota kwenda juu kama matone ya buji, kwa saa chache tu. Ni rubi kweli kwa kemia yake, si chupa. Kama nyumbani kwenu kuna saa ya zamani ya mkono iliyoandikwa «17 rubis», mawe yale ndiyo hayo: yanashika vyuma vinavyozunguka ndani ili visilike.

Hapo vita vikaingia. Wamarekani walikuwa wakinunua mawe hayo ya saa na vipimo kutoka Ulaya, na vita vya pili vya dunia vikafunga njia. Linde, kampuni ya gesi ya kundi la Union Carbide, ilikuwa tayari na oksijeni na hidrojeni, ikaanza kutengeneza yenyewe. Vita vikaisha, wateja wakapungua, na tanuru zipo. Wakafikiria bijuu. Waliongeza titani kwenye unga, kisha wakachoma jiwe tena mpaka sindano zikajipanga ndani. Mwaka 1947 wakatoa rubi na safiri za nyota, na baadaye mawe mengi yakapigwa L ndogo mgongoni. Miaka ya 1950 na 1960 pete hizo zilivaliwa sana na wanaume. Kitu cha tajiri kikafika kwenye kidole cha mfanyakazi.

Tajiri alikuwa na lipi? Chukua rubi ya DeLong, iliyotoka Burma: karati 100,32, yaani gramu 20 na kidogo. Edith Haggin DeLong aliipa makumbusho ya historia ya asili ya New York mwaka 1937. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1964 wezi waliingia kwa dirisha, wakaibeba pamoja na mawe mengine. Ilirudi mwaka 1965 baada ya kulipwa dola 25.000, ikaokotwa ndani ya kibanda cha simu kule Florida. Kwa gramu 20!

Leo kuna watu wanaokusanya pete za Linde kwa sababu ya L yenyewe, na hawalipi kama rubi ya Burma, mbali sana. Kuzitambua si kazi ngumu. Nyota ya kiwandani imenyooka mno, iko katikati kabisa, kama imechorwa. Mgongo wa chini ni bapa. Ya ardhini mara nyingi imepinda ao imefifia upande mmoja, na chini wameacha jiwe nene, lisilosawazishwa, ili lizidi uzito. Kwa lensi, ya kiwandani inaweza kuonyesha mistari iliyopinda na mapovu ya gesi.

Minervali tulikopa kwa jirani, mama akalipa kwa mihogo misimu miwili. Mjomba nilimwambia yote, mpaka Verneuil na moto wake. Alisikiliza bila kunikata. Kisha akatoka nje, akanyoosha mkono juani.

«Lakini mwana, nyota si iko?»

«Iko, mjomba.»

Akarudisha pete kwenye kidole.