Mimea ya Tangi la Samaki: Kuikinga na Konokono na Samaki Walao Majani

Mimea hai ya tangi la samaki hupandwa mchangani au huachwa ielee ili isafishe maji, itoe oksijeni na kuwapa samaki maficho. Walaji wake wakuu ni konokono na baadhi ya samaki. Kwa anayefuga samaki Nakivubo, Kampala, ulinzi wa mimea hiyo haukomei kwenye kioo cha tangi, kwa kuwa kinachomwagwa mtaroni huweza kufika ziwani. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya katikati ya jiji, hupita upande wa Bugolobi, huingia kinamasi cha mafunjo na kufika Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Kutoka ghuba hiyohiyo mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala.

Kumtambua mlaji

Konokono wengi husingiziwa. Melanoides tuberculata, konokono mwembamba mwenye gamba refu na mwenyeji wa Afrika, hushinda amejifukia mchangani. Usiku hutoka kula mabaki ya chakula, mwani na majani yaliyokwisha kuoza. Akionekana juu ya jani lenye tundu, mara nyingi tundu lilimtangulia: jani lilikosa potasiamu, likatoka madoa, madoa yakaoza, ndipo yeye akaja kula kingo zake. Hapo kinachotakiwa ni mbolea, na kumuua konokono ni kumwonea.

Walaji wa kweli ni konokono wakubwa wa jamii ya Ampullariidae. Katika maji ya Afrika Mashariki wapo Pila ovata na Lanistes. Anayeogopwa zaidi ni Pomacea canaliculata wa Amerika Kusini, aliyegunduliwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, akikata miche michanga. Hutaga vishada vya mayai ya rangi ya waridi juu ya usawa wa maji, na hiyo ndiyo alama ya haraka ya kumtambua. Biashara ya samaki wa mapambo ni mojawapo ya njia zilizomsambaza duniani.

Kwa upande wa samaki, Coptodon zillii, aina ya perege iliyopandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, hula mimea ya majini kwa wingi na haiwezi kukaa na mmea laini. Samaki wa dhahabu naye hutafuna mchana kutwa. Furu, ambao Kampala huitwa nkejje, wengi wao hawali majani, ila madume huchimba mchanga wakati wa kuzaana na kung'oa mizizi. Mmea unaoelea mzimamzima umechimbuliwa. Uliobaki vikonyo umeliwa.

Kuandaa mmea

Ulinzi ulio bora hufanyika kabla mmea haujaingia tangini. Kuchuma mimea ya bure mtaroni au kinamasini ni hatari: maji hayo yamepokea maji taka ya jiji, na kando ya ziwa huishi konokono wa Biomphalaria wanaobeba kichocho cha tumbo. Konokono mmoja aliyeambukizwa aweza kutoa vimelea kwa majuma kadhaa, navyo hupenya ngozi ya mkono ulioingizwa majini.

Mmea ulionunuliwa pia huwekwa kwanza kwenye ndoo peke yake, penye mwanga, kwa wiki nne hivi. Mayai ya konokono wadogo, yaliyo ndani ya ute upande wa chini wa jani, huanguliwa katika muda huo na watoto huondolewa kwa mkono. Wengine hulowesha mmea kwenye maji ya shabu, ileile ya kusafishia maji. Mimea migumu kama Anubias, ya Afrika Magharibi na ya Kati, huvumilia dakika 2 katika sehemu 1 ya Jiki (dawa ya klorini ya kufulia) kwa sehemu 19 za maji, kisha husuuzwa sana, lakini Vallisneria huungua. Dawa za shaba hazifai, kwa kuwa pamoja na konokono hudhuru kamba na mimea mingi. Niklosamidi, inayotumika dhidi ya konokono wa kichocho, huua samaki.

Tangini, Anubias hufungwa juu ya jiwe au gogo, na mashina ya mimea mingine huzungushiwa mawe mazito. Samaki walao majani hupewa mboga kila siku. Kipande cha tango kikiachwa usiku huvuta konokono wengi, nao hutolewa pamoja nacho asubuhi.

Samaki walao konokono

Ziwa Viktoria lina mtaalamu wake: Astatoreochromis alluaudi, ambaye kooni ana mataya ya pili yenye meno bapa ya kupondea magamba. Humphry Greenwood, aliyewachunguza samaki wa ziwa hili akiwa Jinja miaka ya 1950, alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki huyo akilelewa tangini kwa chakula laini, mataya hayo hukua dhaifu. Kamerun ilimtia mabwawani apunguze konokono wa kichocho, na vizazi vilivyofuata vikapendelea vyakula laini. Kwa hiyo mfugaji anayemtaka kwa kazi hii inampasa kumlisha konokono tangu udogoni. Kamongo naye huponda konokono kwa ustadi, lakini hupita urefu wa mita moja na hafai tangi la nyumbani.

Kutupa mabaki

Maji ya tangi, majani yaliyopogolewa na konokono visimwagwe mtaroni. Majani huanikwa juani hadi yakauke kabisa. Konokono wakubwa hupondwa kabla ya kutupwa, kwa sababu Pila na Pomacea hufunga mlango wa gamba na huweza kuvumilia ukame kwa miezi.